Maji ya Mgongo

Atupele Mwasaga alimwita mara mbili, na mara zote mbili Hemedi aligeuka mwili mzima, mabega na kiuno pamoja, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Alikuwa amesimama jikoni, amezima taa ya juu ya meza, anakoroga chai ambayo hakuwa na nia ya kuinywa.

"Shingo imekuwaje, Mzee Hemedi?"

"Nimelala vibaya."

"Na taa?"

"Inaniumiza macho. Ya nini taa, na dirisha lipo?"

Dirisha lilikuwepo kweli, dogo kama sahani, na mwanga wa jua ulikuwa ukiingia kwa ubavu. Kwenye ukingo ule wa ncha ya kusini ya Mwezi jua halikuchomoza wala halikuzama. Lilitambaa tu juu ya vilima, likizunguka, na kila jiwe lilikuwa na kivuli kirefu kuliko barabara. Chini ya ukingo, ndani ya shimo ambalo jua halijawahi kulifikia, kulikuwa na barafu, na barafu ile ndiyo iliyowaleta watu. Wenzao walikuwa wameshuka duniani mwisho wa zamu. Wakabaki wawili: fundi wa kuhakikisha mabomba hayagandi hadi zamu mpya ifike, na daktari wa kuhakikisha fundi yuko hai. Hivyo ndivyo Hemedi alivyokuwa akiieleza kazi yao, na kila alipoieleza alicheka.

Siku hiyo hakucheka. Aliweka kikombe mezani, akashika ukingo wa sinki, akatapika.

Atupele alimshika bega, akamkalisha. Nyuma ya sikio la Hemedi, kwenye kitambaa cha nyuzi laini kilichozungushwa kichwani, taa ndogo ilikuwa ikiwaka kijani. Wafanyakazi walikiita kitambaa hicho kilemba. Kila aliyefanya kazi nje ya dunia alikivaa, akalala nacho, akaoga nacho. Kazi yake ilikuwa kusikiliza damu ikipita kwenye mishipa ya ubongo, na kutoa hukumu. Kijani, endelea na kazi. Nyekundu, unarudishwa nyumbani, na aliyerudishwa kwa ajili ya kichwa hakupanda tena maishani mwake.

"Kinauma kichwa?"

"Kidogo."

"Mzee Hemedi."

Akafumba macho. "Kinauma, Atu. Kinauma sana."

"Tangu lini?"

"Jana. Nilikuwa shimoni nafungua ile valvu ya bomba la tatu. Ilikuwa imekaza, nikajikamua."

"Kilianza kuuma polepole, au kilikuja ghafla?"

Hemedi alifikiri, na Atupele aliona kwamba hakuwa akitafuta jibu bali ujasiri wa kulitoa.

"Ilikuwa kama mtu amenitwanga nyundo ya kisogo," alisema. "Hapo hapo. Hakuna cha kuanza wala kupanda. Unajua nilifanya nini? Niligeuka kumtafuta aliyenipiga. Nikamulika tochi kushoto na kulia. Ndipo nikakumbuka kwamba shimo zima hakuna mtu."

"Umewahi kuumwa kichwa hivyo?"

"Nimeumwa malaria, nimeumwa jino, nimeangukiwa na boriti nikiwa kijana. Hivyo, hapana."

"Kwa nini hukuniambia jana?"

Alinyoosha kidole kuelekea sikioni mwake bila kusogeza kichwa. "Kijani," alisema. "Ilitetemeka kidogo, ikarudi kijani. Mimi ni nani nibishane nayo?"

*

Walikuwa na mashine ya picha, ndogo, ya kuingiza kichwa tu, iliyoletwa kwa ajili ya watu wanaoanguka na kupasuka fuvu. Atupele alimlaza Hemedi juu ya ubao, akamfunga mkanda wa kifuani, akasubiri mashine izunguke. Picha zilitokea moja baada ya nyingine kwenye kioo. Alizitazama taratibu. Alipozimaliza alizirudia, na safari hii alisogeza kiti karibu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

Zilikuwa safi.

Alifungua mawasiliano na dunia. Daktari Karugendo, mkuu wa afya wa safari zote, alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya kukwaruza, na kati ya kila neno lake na jibu la Atupele palikuwa na kimya kifupi, muda wa sauti kupanda na kushuka.

"Nimeziona," alisema Karugendo. "Picha safi. Kilemba ni kijani. Mpe dawa ya maumivu, mwache apumzike."

"Picha imechelewa, Daktari."

"Imechelewa kivipi?"

"Damu iliyomwagika juu ya ubongo huonekana nyeupe kwenye picha ikiwa bado mbichi. Ukipiga ndani ya saa sita tangu maumivu yaanze, na picha ikawa safi, unaweza kulala usingizi. Huyu ni wa jana. Maji ya ubongo yanaisuuza ile damu kila saa inayopita. Kama kidogo kilivuja, leo picha haiwezi kukiona."

"Kilemba kingekiona."

"Kilemba kinasikiliza damu inayotembea. Mshipa ukitoboka kidogo ukajiziba wenyewe, damu inaendelea na safari yake kama kawaida. Ile iliyokwisha kumwagika haitembei. Haina sauti."

Karugendo alizirudia picha kabla ya kujibu.

"Mpige picha ya mishipa, basi, kwa dawa ya rangi."

"Hatuna dawa ya rangi. Iliondolewa kwenye mizigo kilemba kilipoanza kutumika. Umebaki mgongo tu, maana maji ya ubongo hushuka hadi huko."

"Atupele, wewe umewahi kumtoa mtu maji ya mgongo?"

"Nilifundishwa kwa mwanasesere."

"Mwanasesere." Hakulisema kwa dharau. "Nisikilize. Kanuni inakataza kumchoma mgongo mtu mwenye kilemba cha kijani. Ukimchoma, akapata maambukizi, au akapooza mguu, sitakuwa na cha kukutetea. Na jambo lingine. Nikikutumia chombo cha wagonjwa, kule kuruka kwake tu kunakandamiza mwili mpaka shinikizo la damu linapanda. Kama ana mshipa uliotuna, tunaweza kuupasua sisi wenyewe. Kama hana, tumemhatarisha bure, na tumetumia chombo pekee kilichopo mpaka zamu mpya. Siwezi kukutumia kwa kukisia."

"Sitaki kukisia. Ndiyo maana nataka maji."

"Na kama nikisema hapana?"

Atupele alitazama mlango wa chumba cha pili. Hemedi alikuwa amelala huko gizani, chali, mikono kifuani.

"Sijui," alisema.

*

Aliketi sakafuni kando ya kitanda, mgongo ukutani. Mabomba yalikuwa yakinguruma ndani ya ukuta.

"Anasemaje?" Hemedi aliuliza.

"Anasema upumzike."

"Na wewe?"

Alimweleza. Alimwambia kuhusu mshipa unaoweza kutuna kama puto mahali unapogawanyika, ukakaa hivyo miaka mingi bila mtu kujua. Alimwambia kwamba puto hilo mara nyingine huvuja kidogo kabla ya kupasuka, na mvujo ule mdogo ndio huo uliompiga nyundo. Anayepata nyundo ya kwanza akatibiwa, ana nafasi. Anayengoja ya pili mara nyingi haamki. Akamweleza pia kuhusu sindano, mahali itakapoingia, na kwamba mkono utakaoishika haujawahi kumfanyia hivyo mtu aliye hai.

"Na unaweza kuwa mkazo wa misuli tu," alimalizia. "Watu wengi wanaopata kichwa cha ghafla hawakutwi na kitu."

"Nikikataa?"

"Ukikataa sikugusi. Mgongo ni wako."

Hemedi alivuta pumzi polepole. "Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Usiniulize mimi."

"Nimuulize nani, Atu? Yupo mwingine?"

Atupele alikuwa akipapasa uzi uliotoka kwenye soli ya soksi yake, akiuvuta, akiukunja.

"Usiniulize kwa sababu mimi nataka isiwe kitu," alisema hatimaye. "Ikiwa ni damu, utaondoka. Na mtu lazima abaki, la sivyo mabomba yatapasuka na zamu mpya haitakuwa na maji wala joto. Kwa hiyo nitabaki mimi. Hapa. Tangu nilipotoka kwenye ile picha najitafutia sababu za kukiamini kilemba, na kila nikipata moja moyo wangu unatulia. Karugendo alipokataa nilihisi nafuu, Mzee Hemedi. Nilihisi nafuu kabisa. Daktari wa namna hiyo hafai kuulizwa."

Hemedi alianza kucheka, kicheko kikamuuma, akakikata.

"Wewe umenyamazia nafuu," alisema. "Mimi nimenyamaza tangu jana. Unafikiri niliogopa sindano?"

"Uliogopa kurudishwa."

"Niliogopa nyumba." Aliongea akitazama dari, kwa sababu shingo haikumruhusu kutazama kwingine. "Mke wangu, Mwantumu, alifariki nikiwa zamu ya kwanza. Nilizika kwa kutazama kioo, wenzangu wamenishika huku na huku. Niliposhuka nikaenda nyumbani Soni, nikafungua mlango. Nikakaa. Majirani walikuja siku za mwanzo, kisha kila mtu na shughuli zake, na wala siwalaumu. Nilikuwa nakohoa usiku kucha, asubuhi natoka nje nafagia uwanja, watu wananisalimia, wanapita. Hapa," alisema, "hapa nimegeuza shingo tu, umeuliza."

Atupele alikuwa na picha yake mwenyewe ya kwao Tukuyu, ya mama na dada zake na kelele zao, na alijua kwamba yeye alikuja Mwezini kwa hiari akiamini upweke ni jambo la kuvumiliwa kama baridi, kwa kuvaa vizuri. Miezi yake ya kwanza, kabla wengine hawajaondoka, hakuwa hata na mazoea na fundi huyu. Walipobaki wawili ndipo alipoanza kusubiri mlio wa buti zake akipanda kutoka shimoni. Hemedi alimfundisha kuchomelea. Walibishana kuhusu namna ya kupika ndizi ambazo hawakuwa nazo. Kulikuwa na saa kabla ya kulala ambayo hawakufanya lolote ila kukaa chumba kimoja.

"Nikifa hapa," Hemedi alisema, "utaniweka wapi?"

"Usianze."

"Nauliza. Nje? Kwenye stoo ya vyakula?"

"Mzee Hemedi, tafadhali."

"Utabaki peke yako pamoja na mimi. Nikiondoka, utabaki peke yako tu. Hilo la pili ni afadhali, mwanangu. Kalete sindano yako."

*

Atupele alimtumia Karugendo ujumbe mfupi: mgonjwa amekubali, anaendelea. Hakungoja jibu. Baadaye, alipohojiwa, hakudai kwamba mawasiliano yalikatika.

Alimlaza Hemedi kwa ubavu, akamkunja, magoti kifuani, kidevu kikishuka kadiri shingo ilivyokubali, na haikukubali sana. Alimvua fulana. Mgongo wa mtu mzima aliyefanya kazi za mikono, wenye kovu refu la ile boriti. Alipapasa mifupa ya nyonga kwa vidole gumba, akafuata mstari mpaka katikati, akahesabu pingili, akaweka alama kwa ukucha. Akapaka dawa ya kuua vijidudu. Akachoma ganzi.

"Ya baridi," Hemedi alisema.

"Usitikisike."

"Nikikaa kimya nitatikisika tu."

"Basi zungumza. Niambie jambo lolote."

Hemedi akaanza kueleza jinsi ya kuunganisha bomba la plastiki na la chuma bila kuvuja, polepole, kama anamfundisha mwanagenzi, na Atupele akaisukuma sindano ndefu kati ya pingili mbili, akielekea kitovuni. Ikagonga mfupa. Hemedi akanyamaza, akashusha pumzi, akaendelea na bomba. Atupele alirudisha sindano nyuma kidogo, akabadili pembe, akasukuma tena. Mwanasesere hakuwa na ukinzani huu. Hakuwa na joto, wala jasho, wala mishipa inayoruka chini ya ngozi. Kisha alihisi kama amepenya kitambaa kilichovutwa, mlio mdogo ambao haukusikika ila kwa vidole. Akatoa uzi wa chuma uliokuwa ndani ya sindano.

Hakuna kilichotoka. Atupele aliganda. Halafu akakumbuka alipo. Mwezini hata tone huchelewa. Lilijikusanya kwenye mdomo wa sindano, likanenepa, likaning'inia, na mwishowe likajitenga na kushuka ndani ya chupa kwa uvivu. La pili likafuata.

Lilikuwa jekundu.

"Vipi?" Hemedi aliuliza.

"Kuna damu. Haimaanishi kitu bado. Nimegonga mfupa, huenda nimejeruhi kijishipa njiani. Damu ya sindano ni mbichi. Chembe zake zikikaa chini, maji ya juu yanabaki bila rangi. Damu ya jana imekwisha kuoza ndani ya maji. Inayapaka rangi, na rangi ile haiondoki."

Alijaza chupa nne. Chupa ya nne ilikuwa na wekundu hafifu kuliko ya kwanza, na jambo hilo lilimfurahisha, na alijua kwa nini linamfurahisha, akajilazimisha kutolifikiria. Alichomoa sindano, akabandika plasta, akamfunika Hemedi blanketi.

Mashine ya kuzungushia sampuli ilikuwa kwenye kona ya maabara. Aliweka chupa ya nne upande mmoja, na upande wa pili chupa yenye maji ya kunywa ili iwiane. Mashine ikalia juu, ikalia juu zaidi, ikashuka, ikasimama. Alizitoa zote mbili. Chini ya chupa ya Hemedi palikuwa na alama nyekundu ndogo kama ncha ya kalamu. Damu ya sindano. Alikuwa ameitegemea hiyo.

Akatandika shuka jeupe mezani, akawasha taa zote za maabara, akazishika chupa mbili sambamba mbele ya shuka.

Ya kushoto haikuwa na rangi.

Ya kulia ilikuwa na rangi ya maji yaliyosuuziwa sufuria ya binzari.

Alizibadilisha mikono. Akahamia upande wa pili wa meza, kwamba pengine ni taa. Akazipeleka kwenye dirisha, kwamba pengine ni shuka. Alisimama pale dirishani na chupa mkononi muda ambao asingeweza kuueleza, mbele yake vilima vyenye vivuli virefu, na kwa mara ya kwanza tangu atue mahali pale aliuona ukubwa wake.

"Atu?" Hemedi aliita kutoka chumbani. "Rangi gani?"

Angeweza kusema lolote. Chupa ilikuwa mkononi mwake peke yake, na mashine ya kupimia rangi ile haikuwepo kituoni. Lilikuwa jicho lake tu.

"Njano," alisema.

*

Chombo cha wagonjwa kilitoka kwenye kituo kinachozunguka Mwezi, na safari yake ilitosha kumfanya Atupele asikilize kila pumzi ya Hemedi. Alimlaza kichwa kikiwa juu, akampa dawa za kushusha shinikizo la damu, za kuzuia mishipa isijikaze, za choo laini ili asijikamue. Alizima taa zote. Hemedi alimwelekeza mahali pa funguo, valvu zipi zina hila, bomba lipi linahitaji kupigwa kofi kabla ya kufunguka. Atupele alimkataza kuongea. Hemedi akaendelea kwa kunong'ona.

Kilipotua na kushikana na mlango wa kituo, nesi aliyekirusha, dada mmoja wa Kiturkana aitwaye Akiru, aliingia na machela, akamsalimia Hemedi kwa heshima, akamfunga mikanda laini kama anayemfunga mtoto. Kiti cha pili cha abiria kilikuwa wazi. Akiru alikitazama, akamtazama Atupele.

"Siwezi," Atupele alisema. "Mabomba."

"Najua. Nimeambiwa. Nilitaka tu uone kwamba nimekuuliza."

Hemedi aliutoa mkono chini ya mkanda. Atupele aliushika. Hawakuwa watu wa kushikana mikono, na hakuna aliyejua aushike kwa muda gani.

"Usiache kula," Hemedi alisema. "Mtu akiwa peke yake anaanza kula wima. Kaa chini ule."

"Nitakaa."

"Muongo."

Mlango ukafungwa. Chombo kilinyanyuka bila sauti, kikatimua vumbi ambalo lilikwenda moja kwa moja na kuanguka bila kuelea, na ndani ya muda mfupi hakikuwa hata nukta.

Atupele alirudi ndani. Alivua suti ya tahadhari, akaitundika kando ya suti ya Hemedi. Akaenda kusoma vipimo vya joto la mabomba. Kisha akavisoma tena kwa sauti, ili pawe na sauti.

*

Mshipa wa Hemedi haukupasuka njiani. Duniani walipitisha waya mwembamba kutoka pajani hadi kichwani, wakakuta puto dogo mahali mshipa ulipogawanyika, wakalijaza nyuzi za metali mpaka damu ikakosa pa kuingilia. Siku kadhaa baadaye mishipa mingine ilijikaza, kama ambavyo hutokea, na sehemu za ubongo wake zikakosa damu kwa muda. Akaishi.

Karugendo aliyaeleza hayo yote katika ujumbe mmoja. Katika ujumbe huohuo alimpa Atupele onyo la kukiuka kanuni, akampa na shukrani, na akamjulisha kwamba kuanzia sasa mtu akipata maumivu ya ghafla ya kichwa, daktari ataulizwa kwanza na kilemba baadaye. "Sijui niyapange vipi mambo haya matatu," alisema mwishoni, "kwa hiyo nimekupa kwa mkupuo."

Atupele alifanya kazi za watu wawili. Aliingia shimoni na tochi, akapiga mabomba makofi. Mara ya kwanza valvu ya bomba la tatu ilipomshinda, aliketi juu ya bomba katika lile giza, akalia ndani ya helmeti ambamo huwezi kufuta machozi. Baadaye ilikubali. Miezi ikaenda. Aligundua kwamba anaongea na mashine ya chai, akaacha, kisha akaanza tena kwa sababu hakukuwa na aliyemkataza. Alikula wima.

Simu kutoka hospitali ilimkuta akibadilisha kichujio cha hewa. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko alivyoikumbuka, lakini ilikuwa ndiyo yenyewe.

"Shikamoo, Mzee Hemedi!" alipaza, kichujio kikamtoka mkononi na kuanza kushuka taratibu.

Kimya cha umbali.

"Marahaba. Samahani, naongea na nani?"

"Atu. Atupele."

Kimya tena, na safari hii alikihesabu, na kilikuwa kirefu mno.

"Daktari Mwasaga," Hemedi alisema kwa adabu ya mtu anayesoma jina kwenye mlango wa ofisi. "Wameniambia habari zako. Nimeomba nikupigie nikushukuru. Wanasema nilikuwa huko juu na wewe. Wanasema tulikaa miezi. Nakumbuka siku ya kuondoka duniani, nakumbuka tulivyofungwa mikanda. Baada ya hapo nakumbuka kitanda hiki."

"Na shimo? Mabomba?"

"Hapana, mama. Madaktari wanasema hayo hayatarudi." Alikohoa. "Najua ni jambo baya kumwambia mtu. Nilitaka ulisikie kutoka kwangu."

Atupele alikaa chini, hapo hapo alipokuwa, miguu akiinyoosha kwenye sakafu ya bati. Alitaka kumwambia habari za ndizi, za kuchomelea, za ile saa kabla ya kulala. Alifungua mdomo na kuona kwamba yangekuwa masimulizi. Hemedi angesikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza habari za msiba wa mwingine.

"Si baya," alisema. "Uko hai. Kichwa kinauma?"

"Hakiumi. Wameniambia pia kwamba sikutaka kupimwa."

"Mwanzoni hukutaka. Baadaye ulikubali mwenyewe."

"Basi nashukuru." Alisita. "Na wewe, uko na nani huko sasa hivi?"

"Niko peke yangu. Zamu mpya bado."

"Peke yako kabisa?"

"Kabisa."

Nyuma ya Hemedi, Atupele alisikia toroli likipita kwenye korido, ndala zikiburutwa, mwanamke akimwita mwenzake amletee kopo. Alibana kipokezi sikioni. Watu wengi namna hiyo mahali pamoja.

"Mimi sikukumbuki, Daktari, na sitaki kukudanganya," Hemedi alisema. "Lakini nimelala tu hapa, na hawaniruhusu hata kushuka kitandani. Kama huna haraka, usikate. Hata tusipokuwa na la kusema."

"Sina haraka."

"Subiri. Mvua imeanza hapa, inapiga kwenye bati. Ngoja nikusogezee simu dirishani."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha kitanda kikalia, kisha pumzi ya mtu anayejinyoosha kufikia kitu kilicho mbali. Atupele akafumba macho, akangoja sauti ipande.

"Inafika?" Hemedi aliuliza.

"Inafika," alisema. "Shikilia hapo hapo."